Mzaramo wa Bi Zuwena

Aliyenipigia simu si Mwajuma mwenyewe bali Hamisi, mwanawe mkubwa, na alisema kama mtu aliyekwisha kuyarudia maneno hayo kwa ndugu wengi asubuhi ile. "Shikamoo mama mkubwa. Bibi ametutoka alfajiri. Tunazika leo leo, baada ya adhuhuri." Nilikuwa Dar es Salaam, chai yangu bado ya moto, na kutoka Dar mpaka Tabora hakuna gari la kumwahisha mtu mazishi ya adhuhuri. Nikasema inna lillahi, nikauliza mama yake anaendeleaje. "Hali kitu. Tangu bibi azidiwe hajatia chakula mdomoni. Anasema anakungoja wewe." Sikuuliza kwa nini mimi. Mimi ni Mzaramo, wao ni Wanyamwezi wa mjini Tabora, na baina ya watu wetu hawa kuna utani tangu zama za misafara, wakati wapagazi wao walipokuwa wakipita kwetu na pembe za ndovu mabegani wakiteremka pwani. Akifiwa mmoja, mwenzake ndiye anayekwenda msibani kumsimanga marehemu mbele ya watoto wake, kuwachokoza wafiwa, kuwakera, mpaka wacheke na wakubali kula. Ndugu wa damu hawezi kuifanya kazi hiyo, hata akitaka. Bi Zuwena, mama yake Mwajuma, alikuwa na watani wengi katika mji ule, lakini aliyekula na kulala nyumbani kwake mwaka mzima nilikuwa mimi peke yangu.

Njia nzima ndani ya basi nilikuwa natafuta la kusema. Mtu wa umri wangu, aliyekwisha kukaa kwenye majamvi ya misiba chungu nzima, angekuwa na akiba ya matani ya kutosha. Sikuwa na hata moja. Kila nilipomkumbuka Bi Zuwena nilimkumbuka kwa wema, na mtani anayemkumbuka marehemu kwa wema afadhali abaki kwake. Nilijaribu ubishi wake, maana alikuwa mbishi kweli, angebishana na muadhini juu ya saa ya magharibi. Lakini ubishi huohuo ndio ulionitoa mimi katika shimo. Nilijaribu unene wake, nikakumbuka Hamisi aliniambia kwamba mwisho alibaki mifupa mitupu, nikaona aibu. Tulipopita Nzega jua lilikuwa linashuka, abiria wenzangu wananunua karanga dirishani kwa kelele, na mimi nilikuwa nimekasirika, sijui ninamkasirikia nani.

Nyumba ya Bi Zuwena, mtaa wa Isevya, ni ileile, isipokuwa bati jipya na tangi la maji uani. Wanawake walikuwa wamejaa chumba cha mbele, na Mwajuma alikuwa ameegemea ukuta, kanga imemfunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Tulikumbatiana. Kisha akanishika mabega, akanitazama usoni, akangoja, na wanawake wote wakangoja naye. Mimi nikasema, "Pole, mdogo wangu." Nikauona uso wake ukijifunga. Pole alikuwa ameshapewa na mji mzima. Baadaye Hamisi alinifuata uani, kijana mwenye adabu sana, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama mkubwa, usijisumbue. Siku hizi watu wengi hawapendi utani msibani, wanaona kama dharau." Nikamuuliza, "Na mama yako anaonaje?" Akakuna shingo. "Mama amepelekewa uji leo, kaurudisha. Jana vilevile. Ana presha, na daktari amesema ale kwanza ndipo ameze dawa. Kesho tunaanua matanga, watu watatawanyika. Wakishatawanyika, sijui nani atamlisha."

Asubuhi ya siku ya kuanua matanga niliaga kwamba naenda kunyoosha miguu. Ukweli ni kwamba nilitoka kwenda kutafuta neno, na sikuwa na mahali pa kulitafuta ila katika njia ambayo Bi Zuwena alinipitisha siku moja ya masika, mwaka ule niliokaa kwake, nikiwa msichana ambaye hata kufunga kilemba vizuri alikuwa hajui.

Nilikuwa nimeletwa Tabora na kazi ya reli, ofisi ya vifurushi. Nilikabidhiwa meza yenye mguu mmoja mfupi, na kazi yangu ilikuwa kupokea magunia ya karanga, madebe ya asali na vitanda vya watu waliohamishwa. Chumba nilikipata kwa Bi Zuwena, mjane aliyekuwa akiuza asali na nta sokoni, nikalala kitanda kimoja na bintiye Mwajuma, aliyekuwa bado shule na mwenye tabia ya kuvuta shuka lote upande wake. Nyumba nzima ilinukia nta. Mpaka leo nikipita mahali mshumaa wa nta umezimwa, naiona ile meza ya chakula, sinia la ugali, na Bi Zuwena akinitazama jinsi ninavyomega. "Tazama Mzaramo anavyomega kidogo kidogo! Kwenu mnakula au mnaonja?" Nami, kwa kuwa ndiyo desturi, nilimjibu kwamba kwetu tunakula kama watu wenye kwao, si kama wapagazi wanaokimbizwa na mwenye mzigo. Alicheka mpaka akashika kifua. Matusi kama hayo mtu mwingine angeniambia ningehama siku ileile. Kwake yalikuwa ndiyo makaribisho, na katika wiki chache za kwanza nilishajua kwamba siku asiponichokoza, basi ana homa.

Katikati ya masika mkuu wa stesheni aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akanikalisha kitini kwake. Baba yangu alikuwa amefariki Kisarawe. Habari ilikuwa imepita stesheni hadi stesheni kabla ya kunifikia, na baba alikuwa ameshazikwa. Mvua ilikuwa imekula reli huko mbele, treni hazipiti, na barabara za miaka ile wakati wa masika si za kusimulia. Sikuwa na namna ya kwenda. Nilirudi Isevya kwa miguu, nikaingia chumbani, nikalala nimeelekea ukutani. Sikulia. Watu wanadhani asiyelia hana uchungu. Bi Zuwena alileta uji nikaukataa, akaleta maziwa nikayakataa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitoka chumbani bila kunichokoza. Siku iliyofuata, mchana, niliwasikia wakiongea nje ya dirisha yeye na jirani. Jirani alisema niachwe nipumzike, uchungu ni wangu. Bi Zuwena akajibu, "Nikimwacha atakufa, na mimi nitawaambia nini wenyewe? Zamani mpagazi wetu akifia njiani huko kwao, walimwosha na kumzika wao, watani, ndugu zake wakiwa hawana hata habari. Leo wamefiwa, mtoto wao yuko kwangu. Nimwache?" Nilisikia maneno hayo nikayaelewa, na bado nilivuta shuka nikajifunika.

Asubuhi alinifungulia mlango akiwa amevaa baibui lake la kutokea na viatu vyake vya sikukuu. Akaniambia nioge, tunakwenda kutembea. Nikasema siwezi. Akasema, "Sikukuuliza kama unaweza." Tukatoka. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alitembea kama mtu anayekagua mji wake, akisimama kuonyesha hiki na kile: hapa palikuwa na kisima cha misafara, pale waliuzwa watu, sema fatiha, hapa Mwarabu fulani alijenga akafilisika. Kituo chetu cha kwanza kilikuwa baraza ya fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Gongoni, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, Mnyamwezi kama yeye. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanimiminia kahawa, akanipa na kashata mkononi, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Huyu ndiye Mzaramo aliyefiwa na baba?" Bi Zuwena akasema ndiye. Mzee akatikisa kichwa. "Alikufa kwa nini? Kwa uvivu? Nasikia msimu wa kulima ulikuwa umefika, akaona heri afe." Niliinuka niondoke, Bi Zuwena akanishika kanga. "Usikimbie. Mjibu." Sikumjibu. Machozi ya hasira yalinijaa, mzee akanitazama juu ya miwani yake, wala hakuomba radhi. Aliniambia tu nimalize kashata. Sikuimaliza, niliifinya kiganjani mpaka ikawa unga.

Kutoka pale tulikwenda kwenye nyumba moja yenye mlango mzito wa nakshi, kwa Bi Shamsa, mwanamke wa ukoo wa Kiarabu ambao umekaa Tabora vizazi na vizazi. Huyo hakuwa mtani. Alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha juu ya zulia, akaandaa wali na nyama ya mbuzi yenye harufu ya iliki, akamwombea baba yangu dua ndefu kwa sauti nzuri. Kila alichofanya kilikuwa sawasawa. Nami nilikaa mbele ya sinia lile nikatafuna punje tano, na kila pole ya Bi Shamsa ilishuka ikajazia juu ya zile zilizokuwa kifuani tayari. Tulipotoka Bi Zuwena aliniuliza, "Umeonaje?" Nikasema, "Huyo ana utu, si kama yule fundi wenu." Akanijibu, "Ana utu sana. Na hukula." Kisha akageuza njia, akashika barabara ya kwenda Kwihara, inayotoka mjini kuelekea kule kulikokuwa makazi makubwa ya misafara. Nikajua siku bado ndefu.

Mvua ilikuwa imepiga usiku, njia nyekundu, miti ya pande zote mbili imeoshwa. Wifi yake, mke wa marehemu kaka yake, alikuwa na nyumba ya udongo kando ya njia ile, bibi mwenye sikio moja zito, na alitusalimu kwa Kinyamwezi kabla hatujafika uani. Alikuwa anapika uyoga wa porini kwa karanga. Alipoambiwa mimi ni nani na nina nini, hakusema pole, wala hakutukana. Alinisogezea kigoda, akakoroga chungu, akauliza kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia vizuri, "Baba yako alikuwa anakoroma?" Nilidhani sikusikia. Akarudia. Nikasema ndiyo, alikuwa anakoroma. "Sana?" Sana, nikasema, mpaka jirani alikuwa anagonga ukuta. "Na kucheza ngoma je? Maana Mzaramo asiyecheza ngoma huyo wamemwazima." Nikasema alikuwa anacheza. Halafu, sijui ilitoka wapi, nikasimulia jinsi baba alivyocheza kwenye harusi ya binamu yangu, akarudi nyuma kwa madaha, akakaa ndani ya beseni la pilau la bibi harusi, akainuka na wali nyuma ya kanzu, akaendelea kucheza kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia. Bibi yule hakusikia vizuri, Bi Zuwena akamtafsiria kwa Kinyamwezi huku akipiga mapaja, na mle katika kutafsiriwa nikamwona baba yangu, nikamwona kabisa, mgongo wake, kanzu yake, nikaanza kucheka. Nilicheka nikashindwa kujizuia. Kicheko kikageuka kilio bila mimi kujua kimegeukia wapi. Hawakuninyamazisha. Waliniwekea ugali wa mtama na uyoga mapajani, na nilikula nikilia, nikaongezwa, nikala tena, mpaka bibi yule akamwambia Bi Zuwena, sasa kwa Kiswahili ili nisikie, kwamba Wazaramo ni watu hatari, wanakuja msibani kwao wenyewe na kumaliza chakula cha wenye nyumba. Nikamjibu. Nilimwambia shukuru, angekuja baba yangu mwenyewe angekalia chungu. Bi Zuwena alinitazama, akashusha pumzi, akafungua vifungo vya viatu vyake vya sikukuu. Miguu yake ilikuwa imevimba vibaya.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimeolewa, nimezaa, nimezika wengine, na katika kila msiba nimejaribu kujua ni nini hasa walichonifanyia wale watu. Nadhani pole inamzungumzia aliyebaki, na mimi nilihitaji mtu wa kumzungumzia aliyekwenda, tena si marhumu yule mwema wa kwenye dua, bali yule wa kukoroma. Lakini kujua hivyo hakukunisaidia kitu asubuhi ile ya juzijuzi nilipokuwa napita Gongoni peke yangu. Baraza ya fundi ni duka la simu sasa, muziki unapiga mpaka barabarani. Niliingia mgahawa wa jirani nikaagiza chai na chapati, msichana akanihudumia vizuri, akaniita bibi. Mlango wa Bi Shamsa bado upo, umepakwa rangi ya kahawia ya kung'aa juu ya nakshi, nikaugusa nikapita. Sokoni nilinunua asali kidogo, muuzaji akanionjesha kwenye kijiti, ya nyuki wadogo, chachu kidogo mwishoni kama ninavyoipenda. Barabara ya Kwihara ina lami, bodaboda zilinipigia honi kila baada ya muda kidogo zikidhani nimepotea, na magoti yangu yalikataa kabla sijafika mbali. Nikakaa kwenye banda la mama anayeuza mihogo ya kuchemsha, nikala kipande na kachumbari, nikatazama watu wanavyopita. Palikuwa pazuri. Nilikula kila mahali siku ile, polepole, kama alivyonifundisha, na utani sikuupata. Nilimpata yeye tu, amevaa viatu vinavyombana, anatembea. Nikapanda bajaji nikarudi Isevya mikono mitupu.

Dua ilisomwa baada ya alasiri. Wali ulikuwa umeshapakuliwa kwenye masinia, na mbele ya Mwajuma wakaweka sahani yake peke yake, akaisukuma kwa ncha za vidole. Hamisi alisimama mlangoni, hana la kufanya na mikono yake. Nikajua ni sasa. Nikasimama katikati ya majamvi, nikajifunga kanga kiunoni kama wanavyojifunga watani, wanawake wakubwa wakaguna kwa furaha na wadogo wakatazamana. Nikaanza kwa sauti ya juu, "Haya, Zuwena, Mnyamwezi wee! Maisha yako yote wewe na babu zako mmebeba mizigo ya watu. Ukabeba asali, ukabeba watoto, ukanibeba na mimi nisiye wako. Juzi ndiyo mara yako ya kwanza kubebwa. Umeonaje raha ya kubebwa?" Wachache walicheka. Nilipaswa kuendelea. Nilikuwa na la pili mdomoni kabisa, kwamba amechagua kufa ili apumzishe miguu, lakini nilipofika kwenye miguu sauti ikakatika. Nikaiona ile miguu, imevimba, ikitoka kwenye viatu. Nikasimama pale na kanga yangu kiunoni, bibi mzima, nikalia kwa kelele mbele ya watu wote.

Hakuna aibu kama hiyo. Mtani akilia msibani, nani atabaki wa kuchekesha? Hamisi alianza kuja kunishika. Ndipo nikasikia Mwajuma anasema, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa siku nyingi bila kutumika, "Jamani, mnamwona Mzaramo huyu? Tumemwagiza kutoka pwani, kazi moja tu. Na hiyo imemshinda." Mtu mmoja alicheka puani. Mwajuma akavua kanga kichwani. "Mama alimlisha mwaka mzima hapa. Alijifunza kula, kazi hakujifunza. Njoo ukae, wewe. Unatuaibisha mbele ya wageni." Nikaenda nikakaa. Akaivuta ile sahani yake, akanawa, akakusanya tonge la wali na mchuzi, akanitia mdomoni kwa nguvu kama anavyolishwa mtoto mtundu. "Meza," akasema. Nikameza. Akafanya tonge la pili, akalitazama kwa muda mkononi mwake, na watu wote wakalitazama. Akajilisha.

Alitafuna polepole sana, amefumba macho. Machozi yalianza kumtoka huku anatafuna, ya kwanza tangu mazishi, nilivyoambiwa baadaye. Akameza, akafuta pua kwa kanga, akakunja uso. "Wali hauna chumvi," akasema. "Mama angewafukuza wapishi wote mpaka Ujiji." Nyumba nzima ikacheka, wapishi wa kwanza, na mimi nikacheka nao, na Mwajuma akaendelea kula.